Sauti ya Mama wa Supu

Nilikwenda Nyakato kumzika Kaka Shija, na huko nikajisikia mwenyewe nikiongea kwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tumerudi makaburini, tumenawa mikono, tumekula wali na maharage, na wanaume tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Upande wa pili wanawake walikuwa kwenye mikeka, na katikati yao mjane, Mama Leah, miguu ameinyoosha, khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Vijana wa mtaa wakaja na runinga na spika, wakasimama mbele ya mjomba wa marehemu, yule aliyesoma wasifu pale kaburini. "Shikamoo, mzee. Marehemu alikuwa mtafsiri wetu wa filamu. Tumekua na sauti yake. Tunaomba tumuage kwa kazi yake mwenyewe." Mjomba akatazama kwa wanawake, Mama Leah akaitikia kwa kichwa, runinga ikawashwa. Mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo, mvua ya nchi ya mbali, juu ya duka dogo la supu, na vijana wakapiga makofi kabla hata mtu hajatokea. "Mama wa Supu! Mama wa Supu huyo!" Mwanamke akaingia na bakuli, akaliweka mezani, na sauti nyembamba, ya kike, yenye lafudhi ya Kisukuma, ikasema: "Tangu tutoke makaburini hujalitaja jina lake." Kikombe changu cha chai kikabaki hewani. Sauti ile ilikuwa yangu. Sikuwa nimeisikia tangu nilipoondoka Nyakato, na jirani yangu kwenye kiti, mtu mzima kama mimi, alikuwa anatabasamu na kuyatamka maneno pamoja nayo kama mtu anayefuata sala anayoijua.

Watu waliozaliwa na simu mkononi hawawezi kujua kibanda umiza kilikuwa nini. Kile cha Shija kilikuwa banda la mabati nyuma ya viwanda, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, feni moja iliyokuwa ikizunguka pale inapojisikia. Wafanyakazi walikuja wakitoka zamu, wengine bado wananuka samaki wa kiwandani, wengine wana pamba kwenye nywele. Mbele kulikuwa na runinga kubwa, na pembeni yake pazia la kitenge, na nyuma ya pazia alikaa Shija na maiki. Filamu zilikuwa za lugha za watu, Kikorea, Kihindi, Kichina, Kiingereza, na Shija alizisema zote kwa Kiswahili, papo hapo, bila kuziangalia kabla. "Nikiiangalia kabla inanifia," alikuwa akisema. Leo, kila mtu akiwa anatazama filamu peke yake kitandani, sauti ameichomeka masikioni, huwa nafikiri kwamba tulichokiona sisi hakikuwa filamu tu. Nusu yake ilikuwa kwenye kioo, nusu nyingine ilikuwa kwenye mabenchi. Mtu akipigwa kwenye kioo, mtu benchini ndiye aliyeguna. Na katikati ya nusu hizo mbili alikaa mtu mmoja, anaamua nani aonewe huruma na nani achekwe.

Mimi nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, nashona midomo ya magunia kwenye mashine ya mpunga, na sikuwa naongea na watu kwa sababu sauti yangu ilikuwa haijavunjika. Wenzangu wote walikuwa na sauti za wanaume, na mimi nikifungua mdomo ilikuwa kama nimemficha mtoto wa kike shingoni. Shuleni nilikuwa nikiambiwa nisome kwa sauti, darasa zima linainamia madawati kwa kicheko, mpaka nikajifunza kunyamaza. Kwenye kibanda nilikaa benchi la mwisho. Siku moja nilikutana na Shija mlangoni, ikabidi nisalimie.

"Shikamoo, kaka."

Akasimama. "Wewe. Hebu rudia."

"Shikamoo."

"Marahaba! Unaitwa nani?"

"Petro."

"Petro, una dada humo kooni. Njoo umlete kazini."

Kabla ya hapo alikuwa akizifanya sauti za wanawake mwenyewe, kwa kubana pua, na watu walicheka mpaka wanaanguka. Mimi nilipoanza, watu waliacha kucheka kwa sababu ya sauti, wakawa wanacheka kwa sababu ya maneno, na maneno alikuwa ananinong'oneza yeye. Mwanamke akilia kwenye kioo ananong'ona, nami nasema: "Uwii, nimesahau dagaa jikoni!" Kibanda kinapasuka. Mwanamke akimkimbilia mpenzi wake uwanja wa ndege, nasema: "Umeniletea vitenge?" Nyuma ya pazia sikuwa na uso, na nilishangaa jinsi aibu ilivyoniacha. Aibu, kumbe, ilikuwa kwenye kutazamwa. Nilikuwa na furaha kubwa miezi ile ya kwanza. Walinibandika jina la Binti, na hata hilo nilianza kulipenda, kwa sababu waliponiita walikuwa wanaita kitu ninachokiweza.

Chakula cha mchana nilikula kwa Shija. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vilivyoegemea kibanda, ukuta mmoja wa bati unatenganisha sebule na mabenchi, kiasi kwamba ukikaa kwenye kochi unasikia mtu wa upande wa pili akikohoa. Mkewe, Mama Leah, alikuwa Mhaya wa Muleba, amesoma mpaka kidato cha nne kwa masista, mwembamba, wa maneno machache. Alipika ndizi siku ambazo ndizi zimefika, na ugali na furu, visamaki vya ziwani, siku nyingine, na mwezi wa senene alikaanga senene akanilazimisha kuwala. Shija alimtania: "Sisi Wasukuma tunafuga ng'ombe, ninyi mnafuga panzi," naye akamjibu, "Ng'ombe wako yuko wapi, Baba Leah? Mbona namwona panzi tu mezani?" Walikuwa watu wanaopendana, nataka hilo lieleweke. Leah alikuwa mtoto wa shule ya msingi, mwenye maswali. Kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni kilining'inia kikombe kidogo chekundu cha plastiki, cha mtoto. Siku moja nilitaka kunywea maji, Leah akadakia: "Hicho cha Alinda." Shija alikuwa amebeba tonge, hakulifikisha mdomoni. Alilirudisha kwenye sahani, akanawa, akatoka. Mama Leah akaendelea kula bila kuinua macho, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Alinda alikuwa mdogo wake Leah, homa ilimchukua mwanzoni mwa mwaka, wakamzika Magu kwa babu yake, na siku iliyofuata baada ya kuanua matanga Shija alifungua kibanda. "Nilikuwa nimelala hapo ulipokaa," akasema. "Namsikia kupitia bati, anawachekesha watu. Walicheka sana siku ile."

Mshtuko wa kwanza wa mwaka ule niliupata kwenye kochi lilelile. Flashi za filamu zilikuwa zinakuja zimeharibika, picha zinakwama, kwa hiyo kazi yangu ya mchana ikawa kuzipima kwenye runinga ndogo ya sebuleni wakati Shija yuko mjini. Mama Leah alikaa mkekani akipeta mchele, wala hakuonekana kutazama. Siku hiyo nilikuwa narudia filamu iliyokwama jana yake. Kulikuwa na mahali ambapo mume anampiga mkewe kofi mbele ya wageni. Jana, kibandani, mabenchi yalikuwa yamepiga kelele za furaha, na mimi kwa kunong'onezwa nilikuwa nimesema, "Nisamehe mume wangu, na shavu hili nalo lina hamu," watu wakarusha kofia. Nikaona ungo umesimama mikononi mwa Mama Leah.

"Mwongo," akasema.

"Nani, shemeji?"

"Mume wangu. Na wewe. Niliwasikia jana. Huyu mwanamke hajaomba msamaha." Akaninyooshea kidole maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, ambayo kwangu siku zote yalikuwa kama vumbi la kioo. "Amemwambia: ukiuinua tena huo mkono, utakula peke yako mpaka uzeeke."

Nilirudisha picha nyuma, nikamtazama yule mwanamke kwa mara ya kwanza. Niseme ukweli, kabla ya hapo sikuwa nimemtazama, nilikuwa nasubiri mdomo wake ufunguke ili nipate pa kuweka kichekesho. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima, shavu jekundu, na mikono yake ilikuwa inakunja kitambaa cha meza polepole, upande kwa upande, kama mtu anayefunga safari. Kila kitu kilikuwa pale, kwenye mikono, kwa yeyote mwenye macho, na kibanda kizima cha watu wenye macho tulikuwa tumecheka. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba amekuwa akimwitikia salamu jirani yake kwa matusi, mwaka mzima, bila kujua.

Tangu siku hiyo nikawa namwuliza. "Shemeji, hapa anasema nini?" Naye ananiambia, ananirudisha mpaka nishike kichwani, maana kuandika kulinichukua muda mrefu na filamu haingoji. Jioni nyuma ya pazia Shija aliponinong'oneza ujinga wake, mimi nilisema ya mchana. Mara ya kwanza mabenchi yalinyamaza. Kisha mtu akapaza sauti: "Shija! Huyo mwanamke leo kala nini?" Shija akajibu kwa maiki, bila kukosa pumzi, "Kala shule!" wakacheka, tukaendelea. Lakini baadaye, tukifunga mitambo, akaniita.

"Binti, unawafanya wanawake wangu wawe wakali."

"Ndivyo wanavyosema, kaka."

"Nani kakwambia?"

"Mama Leah."

Akajikuna shingo, akatazama ukuta wa bati kama vile anaweza kumwona mkewe upande wa pili. "Haya. Yeye kasoma," akasema. Hakunikataza. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakunikataza.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wanawake walianza kuja. Kwanza wauza mihogo waliokaa nje, wakasogea mlangoni, kisha wakaingia, kisha Jumapili mchana ikawa siku yao, na watoto mgongoni. Nikaanza kusikia mazungumzo mengine kutoka kwenye mabenchi. Wanaume walikuwa wakizungumza na bunduki: piga huyo, nyuma yako, kimbia. Wanawake walizungumza na watu. "Dada, usimfungulie huyo." "Anajua, anajifanya hajui." "Mtazameni, amevaa gauni la siku ile." Wao ndio walionifundisha kwamba gauni lina kumbukumbu. Nikatambua pia kitu kuhusu wanaume, nami nikiwemo. Kwenye filamu tulizozipenda, mwanamume aliruhusiwa kulia mara moja tu, rafiki yake akifa mikononi mwake, na sharti lake ni kwamba akishamaliza kulia achukue silaha. Machozi yalikuwa mafuta ya gari, yapo ili safari ya kuua ianze. Mwanamume anayelia halafu akabaki amekaa hakuwepo kwenye filamu yoyote tuliyoonyesha. Na gizani niliwaona kupitia tundu la pazia, vibarua wa kiwandani wenye vifua kama milango, wakijifuta macho kwa kola za mashati, kisha taa ikiwaka wanasukumana na kutukanana ili mtu asiulize.

Filamu ya supu ilikuja mwishoni mwa mwaka. Jina lake halisi silijui, sisi tuliipa la kwetu. Ni mke na mume wenye duka la supu kwenye mji wa mvua. Mwanzoni wana mtoto, na baada ya muda mfupi hawana, na filamu haituonyeshi kilichotokea, inatuonyesha tu viatu vidogo vimewekwa juu ya kabati badala ya mlangoni. Baada ya hapo hakuna jambo kubwa linalotokea. Wanafungua duka, wanakata vitunguu, wateja wanakula. Mume anawatania wateja. Mpiga picha hakusogea karibu na nyuso zao hata mara moja, amekaa mlangoni filamu nzima kama jirani aliyekuja kuhani msiba akakosa neno la kusema. Nimeikumbuka mara nyingi tangu hapo na bado nafikiri kwamba heshima kubwa ya filamu ile iko kwenye umbali huo. Filamu nyingine zinakuletea chozi mpaka puani, zinakuambia lia sasa. Ile inakuachia mlango wazi, ukitaka unaingia.

Tuliitazama mchana, mimi na Mama Leah, na kabla haijafika nusu alikuwa ameacha kupeta mchele. Ikafika mahali ambapo duka limefungwa, mume amekaa mezani, mke anamletea bakuli, anasimama, anasema kitu, kisha wote wawili wanakaa kimya muda mrefu, mvua tu inasikika.

"Rudisha nyuma," Mama Leah akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

"Anasema nini, shemeji?"

Mikono yake ilikuwa imelala juu ya mchele. Kisha akaniambia maneno, taratibu, akitazama runinga, na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Yalikuwa mengi kuliko kawaida.

"Mbona mdomo wake umetikisika mara moja tu?" nikauliza.

"Lugha yao fupi, Petro. Neno lao moja ni kumi ya kwetu."

"Na mume anamjibu nini?"

"Sauti ya mwanamume si yako. Mwachie Shija."

"Lakini huyu mume hafungui mdomo kabisa."

"Mwachie Shija," akarudia, akainuka kwenda kutazama moto.

Jumapili hiyo kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Shija alikuwa kwenye siku zake nzuri. Wateja wa duka la supu aliwapa sauti za watu wote wa Nyakato, mmoja akamfanya mlinzi wa kiwanda, mmoja mwenyekiti wa mtaa, na mume mwenye duka akamfanya mtani mkubwa kuliko wote. Watu walicheka. Ilinijia, nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya shati lake, kwamba kwa mara ya kwanza hakukosea: yule mume kweli alikuwa akiwachekesha watu. Kisha duka likafungwa, mvua ikaanza, mke akaja na bakuli. Shija akaniinamia kuninong'oneza, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Tangu tutoke makaburini hujalitaja jina lake," nikasema. "Kazini unawachekesha watu, nyumbani unageukia ukuta. Mimi nalitaja peke yangu, jikoni, kwenye moshi, ili mtu akiniuliza niseme ni moshi. Nimechoka kulitaja peke yangu. Litaje. Hata mara moja. Nijue kwamba tulikuwa naye wote wawili."

Nikamgeukia Shija, zamu ilikuwa yake. Alikuwa ananitazama mimi, si kioo, na uso wake sijawahi kuuona kwa mtu mwingine mpaka leo. Ulikuwa uso wa mtu aliyesukumwa mgongoni na mkono anaoujua. Maiki ilikuwa mdomoni mwake na haikutoa kitu isipokuwa pumzi. Sekunde zikapita, mabenchi yakaanza.

"Tafsiri!"

"Shija, umelala?"

"Mume anasema nini?"

Akafumba macho. "Alinda," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini spika zilikuwa kubwa, na jina lilikuwa limejaa banda zima.

"Alinda," akasema tena. "Nilimbeba mwenyewe kutoka hospitali, sikutaka mtu anipokee. Nikilitaja sitasimama. Ndiyo maana. Nani atafungua duka kama sitasimama? Alinda. Haya, nimelitaja. Alinda wangu." Halafu akalia. Hakulia kama kwenye filamu. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, kama mtu anayevuta kitu kizito kisichotaka kutoka, na yote ilikwenda kwenye maiki, na kwenye kompyuta iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya flashi za kuuza. Nilitakiwa kumjibu. Kwenye kioo mke bado alikuwa amesimama pale pale, na mimi ndiye niliyekuwa mke. Sikuwa na neno. Mama Leah hakuwa amenipa. Mvua iliendelea kunyesha kwenye spika, na upande wa pili, mabenchi ya mbele, watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi. "Shija baba! Fundi!" Walikuwa wanamshangilia.

Shija akaweka maiki chini, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule unaoelekea jikoni. Filamu ikaendelea. Watu waliita, wakapiga mabati, mimi nikabaki nyuma ya pazia nimekamata maiki isiyosema kitu. Kisha wakatulia mmoja mmoja, na sehemu iliyobaki ya filamu Nyakato iliitazama kwa Kikorea. Hakuna aliyetoka. Mwishoni, mke anapovishusha vile viatu kutoka kabatini na kuviweka mlangoni, nikasikia mwanamke mmoja gizani akisema, "Ndiyo. Ndiyo, dada," bila kutafsiriwa na mtu.

Kesho yake mchana nilisita mlangoni kwao, nikabisha hodi mara mbili. Walikuwa mezani. Shija alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe kidogo chekundu, kidole chake hakienei kwenye mkono wa kikombe, amekishika kama yai. Leah alikuwa anamtazama kwa mshangao. "Karibu chai, Petro," Mama Leah akasema. Nilijieleza mwenyewe mambo yale kwa namna yangu: filamu ya majonzi ilikuwa imegusa jeraha, mume wa kwenye kioo alifiwa, Shija alifiwa, yakakutana. Niliamini hivyo miaka yote. Niliwaambia watu kwamba filamu nzuri inaweza kufanya hivyo, inaweza kujua jambo lako kabla hujalisema.

Baada ya sikukuu sauti yangu ikavunjika, kwa juma moja tu, kama gogo. Shija alinisikiliza nikijaribu mstari wa mwanamke, akatikisa kichwa. "Yule dada wa kooni kaolewa," akasema, akanikumbatia. Nikaenda Sengerema kujifunza ufundi wa redio, na huko nikakuta flashi imenitangulia. Ilikuwa imevuka na kivuko cha Kigongo kwenye mfuko wa mtu. Niliwasikia vijana wa Busisi wakiigana, mmoja analia kwa kukwaruza, mwingine anasema kwa sauti nyembamba, "Litaje!" na wote wanaanguka kwa kicheko. Nilikuwa nikiondoka mahali hapo. Lakini pia nilimsikia mama mmoja, kwenye msiba, akimwambia mwanawe aliyekuwa amekunja uso kama ngumi: "Litaje, baba. Si umemwona yule wa supu? Litaje." Na yule kijana akalitaja. Hapo sikujua nifikiri nini juu ya kazi ile, na bado sijui vizuri.

Safari hii nilivuka kwa daraja, ng'ambo nikafika kabla sijamaliza kufikiri. Kaburini nilisimama nyuma wakati mjomba anasoma wasifu. Marehemu alizaliwa Magu, alisoma, alifanya kazi ya kuburudisha jamii, alimwoa fulani, alijaliwa mtoto mmoja, Leah. Mtoto mmoja. Nilimtazama Mama Leah. Alikuwa anatazama udongo.

Na sasa alikuwa mkekani, na sauti yangu ya kike ilikuwa inamalizia: nijue kwamba tulikuwa naye wote wawili. Karibu na runinga alikuwa amekaa binti wa sekondari, sare yake ya shule bado iko mwilini. Akasogeza uso kwenye kioo.

"Sasa mbona hapa chini wameandika tofauti?" akasema. "Wameandika 'supu imepoa'. Basi. Supu imepoa, kula."

"Tafsiri hiyo, mdogo wangu," kijana mmoja akamjibu, "siyo mtihani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimamaje. Miaka yote hii. Nilikuwa nimemwona Shija mwongo kwa sababu aliweka maneno yake kwenye vinywa vya wanawake wa watu, na nikajiona mkweli. Na mimi nilikuwa nimepita na maneno ya jikoni kwao, nikayabeba kupitia ukuta wa bati, nikayaweka sikioni mwa Shija mwenyewe, mbele ya umati, bila kujua nimebeba nini. Nilivuka upande wa wanawake, jambo ambalo wanaume hawafanyi, nikachuchumaa kando ya mkeka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Petro. Mbona umekuwa na sauti ya ng'ombe?"

"Shemeji, yule mwanamke hakusema vile."

"Alisema supu imepoa." Hakuniangalia, alikuwa anatazama runinga.

"Na Kaka Shija, alijua?"

"Hukuwa umemaliza sentensi ya kwanza, alishajua. Mtu aliyelala na mimi miaka yote ile, asijue maneno yangu?" Akavuta khanga. "Nilikuwa nimemwambia mara ngapi humu ndani, hasikii. Ila kwenye maiki lazima ajibu. Ile ndiyo kazi yake, mtu akisema naye lazima aseme. Nyamaza sasa, anakuja."

"Alinda," Kaka Shija akasema kwenye spika, na turubai zima likatulia. Akasema yote. Akalia. Kijana aliyeleta runinga akatikisa kichwa kwa sifa. "Mwamba alikuwa anatisha. Sikilizeni anavyolia, utadhani kafiwa kweli."

"Alikuwa amefiwa," Mama Leah akasema.

Hakuipaza sauti, lakini ilifika. Kijana akageuka, kofia akaivua bila kuambiwa. Mjomba mwenye wasifu akainamisha kichwa. Leah, mtu mzima sasa, akaweka mkono begani kwa mama yake. Kwenye kioo mume na mke walikuwa kimya, na spika zilikuwa zinatoa mvua tu, ile sehemu ndefu niliyoshindwa kuijaza, sehemu ambayo tangu siku ile imezunguka mwambao mzima bila jibu. Mama Leah aliisikiliza mpaka karibu na mwisho.

"Nimesikia," akasema, "Baba Alinda."